Sanduku la Barafu Ndani ya Mashua

  Jioni ya leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtu asiyekwenda baharini huenda likaonekana dogo, lakini kwa nahodha na mabaharia wake, kwa mchuuzi anayengoja sokoni na kwa mama anayengoja kitoweo jikoni, lina uzito wa riziki nzima. Jambo lenyewe ni sanduku la barafu lililojengwa ndani ya mashua, na hasa kile kisichoonekana, kilichofichwa baina ya ubao wa ndani na ubao wa nje wa sanduku hilo, ambacho kazi yake ni kulizuia joto lisimfikie samaki.

Tuanze na swali. Chombo kinaondoka Nungwi, au Kilindoni, au Vanga, na kabla hakijang'oa nanga barafu imekwisha nunuliwa, imevunjwavunjwa, imemwagwa sandukuni na kifuniko kimerudishwa. Barafu hiyo imelipiwa fedha, na aghalabu ni fedha ya mwenye chombo au ya tajiri wa samaki, itakayokatwa katika mapato kabla mabaharia hawajagawana kitu. Usiku unapita, asubuhi inaingia, nyavu hazijavutwa hata mara moja, naye baharia anafunua kifuniko akakuta sehemu kubwa ya barafu imegeuka maji. Je, ni nani aliyeila barafu ile? Samaki hawajaingia bado. Jawabu, ndugu zangu, ni kwamba imeliwa na sanduku lenyewe: imeliwa na mbavu zake, na sakafu yake, na kifuniko chake, na pengine na tundu dogo la kutolea maji ambalo hakuna aliyelifikiria.

Watu wengi hudhani kuwa barafu hutoa baridi, na kwamba kazi ya sanduku ni kuifungia baridi hiyo isitoroke. Hakika ya mambo ni kinyume. Kinachosafiri ni joto, na tabia ya joto ni kuhama daima kutoka penye wingi kwenda penye uchache, bila ya kupumzika, usiku na mchana. Joto hutoka katika maji ya bahari yanayogusa ubavu wa chombo, hutoka katika sitaha iliyochomwa na jua, hutoka katika injini, likaelekea sandukuni. Na kila linapofika huyeyusha. Fadhila ya barafu ni kwamba huyeyuka kwa shida mno. Joto linalotosha kuyeyusha kilo moja tu ya barafu, lau lingeelekezwa katika kilo moja ya maji baridi kama barafu, lingeyapandisha maji hayo mpaka digrii 80, yaani karibu na kuchemka. Hiyo ndiyo hazina tunayoinunua kiwandani. Swali la mazungumzo yetu ni hili: hazina hiyo itatumika kumpoza samaki, au itatumika kuipoza Bahari ya Hindi?

Asaa mtu akaniuliza, kwani pana haja gani ya kujitaabisha hivyo, na wazee wetu walivua bila ya barafu? Walivua, tena walivua sana, lakini walivua karibu, wakarudi siku ile ile. Na kilichozidi walikikausha, wakakitia chumvi, wakakifanya ng'onda. Leo chombo hulala baharini siku mbili, tatu na zaidi, na mnunuzi anataka samaki mbichi. Samaki aliyewekwa katika barafu, penye digrii 0, huharibika polepole. Akiachwa penye digrii 10 tu, ambazo kwa mkono wetu ni baridi tosha, huharibika kwa kasi ya kama mara nne. Tena wako samaki ambao hatari yao haijulikani kwa harufu: jodari, nguru, vibua na jamaa zao, wakiachwa katika joto, huzalikana ndani ya nyama yao sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaangwa. Mtu hula akawashwa mwili, uso ukamwiva na kichwa kikamgonga, naye akadhani ana mzio wa samaki. Kwa hiyo sanduku likishindwa kazi yake, hasara si ya mvuvi peke yake.

Mabibi na mabwana, sanaa hii ya kuihami barafu chomboni si ya jana, na kisa chake kikubwa kilipita katika bahari yetu wenyewe. Mwaka 1833, mfanyabiashara wa Boston nchini Marekani, jina lake Frederic Tudor, alipakia katika merikebu iitwayo Tuscany kiasi cha tani 180 za barafu iliyokatwa wakati wa baridi katika maziwa ya kwao, akaipeleka Calcutta, India. Merikebu ilikwenda kwa tanga muda wa kama miezi minne, ikavuka ikweta mara mbili, ikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikaingia Bahari ya Hindi na joto lake lote. Na ilipofika, kadiri ya tani 100 zilikuwa bado barafu. Hapakuwa na mtambo wa kupoza wala plastiki ya namna yoyote. Tudor na wenziwe katika biashara hiyo walitumia vitu rahisi kabisa, kama unga wa mbao, nyasi kavu na magome ya miti. Lakini yako mambo mawili waliyoyashika barabara. La kwanza, barafu yao ilikatwa kwa mapande ya mraba yaliyo sawa, ikapangwa kwa kubanana, hata pasiwe na nafasi ya hewa kuzunguka baina ya pande na pande. La pili, na hili nataka mlihifadhi kwa kuwa nitalirudia: vitu vile walivyoizungushia barafu vilihitaji kuwa vikavu.

Kwa nini nyasi na unga wa mbao viweze kuzuia joto? Si kwa nguvu zao wenyewe. Kinachozuia ni hewa iliyotulia. Hewa isiyotembea hupitisha joto kwa shida sana, ila hewa ikipata nafasi haitulii: hupanda ikipata moto, hushuka ikipoa, ikawa mchukuzi wa joto. Basi hila yote ya kuhami ni kuifunga hewa katika vijumba vidogo vidogo, kila kijumba na hewa yake, isiweze kwenda wala kurudi. Unga wa mbao hufanya hivyo kwa kiasi, makumbi makavu ya nazi pia, nayo gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa, ambalo vyombo vingi vya Ulaya vilijengewa masanduku yao zamani, lilifanya vizuri zaidi. Kisha mwaka 1937 mkemia wa Kijerumani, Otto Bayer, akagundua poliurethani, na kutokana na ugunduzi huo likaja kupatikana lile povu gumu la manjano mnaloliona mkivunja ukuta wa friji bovu. Hilo kwa sasa ndilo bora katika vitu vipatikanavyo kwa urahisi. Baada yake huja polistirini, zile bamba nyeupe nyepesi ambazo hufungiwa redio na runinga ndani ya maboksi yake, ambazo ni rahisi kwa bei na hazihitaji ufundi mwingi kuzikata.

Hapo pana mambo ambayo fundi lazima ayajue, na nasikitika kuona vyombo vikijengwa na watu wasioyajua. Polistirini huyeyushwa na petroli. Chombo chenye mashine ya nyuma na madumu ya petroli, yakimwagika kidogo yakapenya nyuma ya ubao, bamba lile hunywea likawa si kitu, na juu yake pamebaki ubao mzima usioonyesha dalili yoyote. Kadhalika, resini ya kawaida inayotumiwa na mafundi wa faibaglasi, ile ya poliesta, huila polistirini pale pale inapopakwa. Anayetaka kuvika faibaglasi juu ya bamba nyeupe sharti atumie resini ya epoksi, au aweke kwanza ubao mwembamba baina ya hivyo viwili. Poliurethani haina udhaifu huo, lakini ina wake: ile ya kuchanganya maji mawili yakafura, hufura kwa nguvu nyingi, na fundi mwenye pupa akiimimina yote kwa mara moja katika nafasi iliyofungwa, itazisukuma mbavu za sanduku zikapinda. Humiminwa kidogo kidogo, tabaka likakauka ndipo likafuata tabaka. Mvuke wake si wa kuvuta, basi kazi hiyo ifanywe penye upepo na kwa kuziba pua na kinywa kwa kinga ya kweli, si kwa kitambaa. Na likishakauka, moto usikaribie, kwa maana likiungua hutoa moshi wenye sumu.

Na yale makopo madogo ya povu yauzwayo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, yanayofyatuliwa kwa kibomba? Hayo yamefanyiwa nyufa za milango na madirisha. Povu lake hukauka kwa msaada wa unyevu wa hewa. Likisindikwa katika nafasi yenye kina na iliyofungwa, juu hukauka na katikati hubaki bichi. Msijenge sanduku kwa makopo hayo.

Nije sasa kwenye unene. Niruhusuni hesabu ndogo, wala sitawachosha. Chukueni sanduku ambalo kwa ndani lina urefu wa mita moja, upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 60, nalo nje yake kuna joto la digrii 28. Likihamiwa kwa povu zuri, kavu, la unene wa sentimita 5, mbavu zake, sakafu na kifuniko pamoja, zitakula kadiri ya kilo 15 za barafu kwa siku, kabla hamjatia samaki hata mmoja. Mkifanya sentimita 10, zitakula kilo 8 au 9. Mkifanya sentimita 20, zitakula kama kilo 5. Mmeona? Sentimita za kwanza zina faida kubwa, na zinazofuata faida yake hupungua. Ilhali nafasi inayoliwa nazo chomboni haipungui. Sanduku hilo hilo, likizungushiwa sentimita 10, kwa nje huwa na ujazo mara mbili ya ule wa ndani. Likizungushiwa sentimita 20, huwa mara tatu na nusu. Katika mashua ya mvuvi, ambako kila shubiri ya ngama, yaani tumbo la chombo, ina mwenyewe, huo ni ubadhirifu. Kwa rai yangu, sentimita 10 pande zote ni kiasi cha haki, na anayeweza kuongeza aongeze mahali pawili tu: upande unaopakana na injini, na juu, panapopigwa na jua.

Lakini unene si kiini cha mazungumzo haya. Kiini ni ukavu, na hapa naomba masikio yenu.

Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko povu kavu. Kijumba cha hewa kikiingia maji, si kwamba kimedhoofika. Kimegeuka kuwa njia ya joto. Baharia aliyenyeshewa na mvua ya kusi, sweta lake likarowa mpaka ndani, hutetemeka ingawa sufu ni ile ile na unene ni ule ule, na anajua kuwa hatapata vuguvugu mpaka alivue. Sanduku lililorowa ndani ya mbavu zake liko vivyo hivyo, ila lenyewe haliwezi kuvuliwa, wala halitetemeki likajulikana. Linakaa kimya na kula barafu. Mwenye chombo huona barafu haitoshi, akanunua zaidi, akalaumu kiwanda kuwa barafu ya siku hizi nyepesi, akalaumu mwezi wenye joto; na kumbe mbavuni mwa chombo chake amebeba maji ya madebe kwa madebe, ambayo fauka ya kumlia barafu yanamlemezea mashua.

Maji hayo huingia wapi? Huingia kwa njia tatu, na kila njia ina dawa yake. Njia ya kwanza iko wazi: bitana ya ndani imepasuka. Shoka la kuvunjia barafu limeteleza, au sepeto imekwaruza pembeni, ufa mwembamba ukatokea, na maji ya barafu yaliyochanganyika na damu ya samaki yakapenya siku baada ya siku. Njia ya pili hutoka nje, ni maji ya ngama. Sanduku lililokalishwa chini kabisa, penye kina cha chombo, hulowana sakafu yake kila chombo kinapovuja, na chombo cha mbao hakikosi kuvuja. Njia ya tatu haionekani kabisa, na ndiyo inayowadanganya hata mafundi wazuri. Hewa yetu ya pwani imejaa mvuke. Mvuke huo hupenya katika mbao, katika viungo, katika matundu ya misumari, ukaelekea penye baridi. Ukifika ndani ya povu, mahali palipopoa, hugeuka matone, kama vile matone yanavyojikusanya nje ya gilasi ya maji baridi. Tone moja si kitu. Lakini sanduku hukaa na barafu miezi na miaka, na mvuke haulali.

Kwa hiyo, wasikilizaji wangu, sanduku hufungwa pande zote mbili. Nasema tena: pande zote mbili. Ndani huvikwa bitana isiyopitisha maji, na faibaglasi iliyoviringwa pembeni ni bora kuliko mabati, kwa kuwa haina viungo vya kuvuja wala haishiki kutu, na pembe za mviringo huoshwa kwa urahisi. Nje nako, upande wa joto, huwekwa kizuizi cha mvuke: plastiki nzito iliyounganishwa kwa kupandishana na kubandikwa barabara, au tabaka kamili za resini juu ya ubao. Wengi hufanya la ndani wakaliacha la nje, kwa kuwa la nje halionekani. Na povu lenyewe lichaguliwe lile ambalo vijumba vyake vimefungika kila kimoja peke yake. Povu laini la magodoro ni sifongo, halina kazi hapa.

Na kwa vyombo vyetu vya mbao kuna jambo ambalo wajuzi wa Matondoni na Nungwi hawahitaji kufundishwa, lakini wanunuzi wa vyombo wanalihitaji. Maji ya chumvi si adui mkubwa wa mbao. Chombo huishi ndani yake miaka. Adui ni maji baridi, maji ya mvua, hayo ndiyo yanayoozesha. Sasa, barafu ikiyeyuka hutoa maji gani? Hutoa maji baridi matupu. Sanduku linalovuja kwa ndani linazinywesha mbao za ubavu na mataruma, yaani mbavu za chombo, maji yale yale yanayoyaua, tena mahali pasipofikiwa na upepo wala jicho. Nimemwona fundi akibandua ubao wa sanduku kuukuu katika mashua ambayo kwa nje ilikuwa imekalafatiwa vizuri na kupakwa rangi mpya. Povu lililotoka lilikuwa zito kama nyama, likichuruzika, na taruma lililokuwa nyuma yake aliliingiza ncha ya patasi kwa kusukuma na kiganja tu, bila ya nyundo. Ndiyo sababu namsihi kila anayejenga: usilijaze povu mpaka ligusane na mbao za ubavu wa chombo. Acha uwazi wa vidole viwili vitatu, hewa ipite, maji yanayovuja kutoka nje yashuke ngamani yakavuliwe, na siku fundi akitaka kukalafati apafikie.

Uwazi huo unatuleta kwenye mataruma yenyewe. Mara nyingi fundi huona mahali rahisi pa kuweka povu ni baina ya taruma na taruma, akakata vipande, akavipachika, kisha akapigilia ubao wa ndani juu ya mataruma. Kazi hupendeza macho. Lakini ubao mkavu wa mti hupitisha joto kadiri ya mara sita kuliko povu, na kila taruma sasa limekuwa daraja kutoka baharini mpaka sandukuni. Vibaya zaidi ni skrubu na misumari: chuma hupitisha joto mara mamia kuliko povu, na skrubu ndefu iliyotoboa kutoka ubao wa nje mpaka bitana ya ndani huleta hasara mbili kwa pamoja, joto kwa mwili wake na maji kwa tundu lake. Mkipanga povu kwa tabaka mbili, ya pili ikaviziba viungo vya ya kwanza na kupita juu ya mataruma bila ya kukatika, na mkabandika kwa gundi pale ambapo mngepigilia msumari, mtakuwa mmeondoa sehemu kubwa ya ulaji huo.

Wako pia wanaouza karatasi ya kung'aa kama fedha, wakaahidi kuwa ukiizungusha sandukuni joto lote hurudi lilikotoka. Karatasi hiyo hurudisha joto la mng'aro, kama lile la jua, na hilo hulifanya pale tu inapotazamana na uwazi wa hewa. Ikibanwa katikati ya ubao na povu haina uwazi wa kutazama, na faida yake hapo ni ya kuzuia mvuke tu, ikiwa viungo vyake vimezibwa. Wekeni fedha yenu katika povu.

Kifuniko sitakaa nacho sana, kwa kuwa makosa yake huonekana. Kiwe juu, si ubavuni, maana hewa ya baridi ni nzito na mlango wa ubavuni huimwaga yote nje kila ufunguliwapo. Kihamiwe kwa unene ule ule wa mbavu. Kifuniko cha ubao mtupu juu ya sanduku lililohamiwa vizuri huitengua kazi yote. Kiwe na kingo za kushuka ngazi, kikae na kuzama, na mpira wa kuziba uzunguke bila ya kukatika. Kipakwe rangi nyeupe, na jua likiwa kali kifunikwe kwa turubai au kwa gunia lililorowa. Sanduku likiwa kubwa, katikati ya kifuniko kikubwa pakatwe kidogo cha kutolea kitoweo cha mabaharia, ili lisifunuliwe lote kwa ajili ya changu mmoja.

Tundu la chini, la kutolea maji, ndilo linalosahauliwa. Maji yaliyochanganyika na damu hayana budi kutoka, na samaki hawafai kulala ndani yake. Kwa hiyo chini pawekwe chanja ya mianya. Lakini bomba lililonyooka linalofunguka ngamani ni mlango ulio wazi: hewa ya baridi hushuka humo ikapotea, hewa ya joto ikaingia badala yake, nao uvundo wa ngama na vijidudu vyake vikapata njia ya kumfikia samaki. Bomba lipindwe mfano wa herufi U, maji yabaki katika pindo yakizuia hewa, au liwekwe koki ya kufungulia kila asubuhi na jioni. Na maji hayo yasiachwe ngamani. Yaelekezwe katika ndoo au chombo chake, yakatolewe nje kwa pampu.

Barafu nayo ina adabu yake. Kwa kumpoza tu samaki kutoka joto la bahari mpaka digrii 0, kilo 100 za samaki huhitaji kadiri ya kilo 30 za barafu, hata katika sanduku lisiloruhusu joto kabisa. Sanduku la namna hiyo halipo duniani, na ndiyo maana katika nchi zetu za joto hushauriwa kuchukua kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Barafu itandikwe chini kwanza, kisha samaki, kisha barafu, na ubavuni pia pawe na barafu baina ya samaki na ukuta, kwa kuwa joto huingilia huko. Na sanduku lipozwe tangu usiku wa kabla ya safari kwa barafu kidogo, lisije likaanza kazi likiwa na joto la mchana kutwa mbavuni mwake.

Sasa mwenye chombo aniulize: nitajuaje kama sanduku langu ni zima au limerowa, nami siwezi kulipasua kila mwaka? Ipo njia, wala haitaki kifaa chochote isipokuwa ndoo yenye alama za lita na mzani wa sokoni. Siku chombo kimelala pwani, tieni barafu sandukuni usiku, liacheni lipoe mpaka asubuhi, yatoeni maji yote, kisha pimeni barafu, tuseme kilo 50, muitie na kufunga. Msifunue. Baada ya saa 24, fungueni koki mkinge maji yote. Kila lita moja ni kilo moja ya barafu iliyoliwa na sanduku. Andikeni hesabu hiyo kwa rangi ndani ya kifuniko, pamoja na mwezi na mwaka, na mwaka unaofuata, katika mwezi ule ule, pimeni tena kwa namna ile ile.

Maji yakiwa yale yale, mshukuruni fundi wenu. Yakiwa yamezidi sana, anzeni na kifuniko: shikeni kipande cha karatasi, kibaneni chini ya mpira, mkivute, kikitoka bila ya kukataa mahali popote, mpira huo umekwisha na bei yake si kubwa. Kifuniko kikiwa kizima, shukeni chini. Tafuteni mahali pa chini kabisa pa sanduku, upande wa nje, karibu na sakafu, mtoboe tundu dogo la keekee mpaka lifike kwenye povu tu, mkaweke kidole. Likiwa kavu, lizibeni kwa kijiti cha mti na resini, mkatafute kwingine. Likichuruzika, basi msinunue barafu ya safari nyingine kabla fundi hajaja na patasi yake, na bitana ya sanduku ifunguliwe mpaka lipatikane povu kavu.